Upande Mmoja Haujapindwa

Chumbani siku ile tulikuwa hawa: mimi; mdogo wangu wa kike, mwenye chumba; mama mkwe wake, ameketi kwenye mkeka karibu na mlango; jirani yao mmoja, mwanamke wa rika la mdogo wangu, na mtoto wake mchanga amelala mgongoni; na mtoto wa mdogo wangu, ambaye alikuwa bado hajapewa jina. Nje, chini ya upenu, walikuwa shemeji yangu, mdogo wetu wa kiume niliyesafiri naye kutoka Ngara, na mzee wa kanisa aliyekuja na kitabu chake cha nyimbo. Hao ndio waliokuwepo. Baadaye watu waliongezeka, lakini lililoamuliwa liliamuliwa tukiwa sisi tu.

Mtoto alikuwa amefariki alfajiri. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya migomba, na sanda nyeupe ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, bado ina mikunjo ya dukani. Mdogo wangu alikuwa amempakata mwanawe kifuani, ndani ya kanga, na hakutaka kumtoa.

"Hiyo sanda nyembamba," alisema bila kukitazama kiti. "Atapata baridi."

Mimi nilikuwa na mfuko magotini. Ndani ya mfuko kulikuwa na blanketi la mtoto, la vipande vya flaneli vilivyoungwa, limepindwa pande tatu. Sikulitoa mara moja, na ili mtu aelewe kwa nini, lazima nieleze lilikotoka.

Kwetu ni Mbuba, lakini baba alipofariki mama alihamia Ngara mjini na cherehani yake. Aliiweka kwenye baraza ya duka la vitambaa la mama mmoja Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani kuja kufanya biashara. Ngara iko mlimani. Asubuhi ukungu huingia mpaka chini ya meza ya cherehani, na mtu aliyezaa hatafuti kitambaa cha kupendeza, anatafuta chenye joto. Kwa hiyo mama alishona flaneli: kitambaa kile cha pamba chenye manyoya mafupi, laini, wanachofungia watoto wachanga. Alishona shali, kofia, nepi, na magauni madogo yanayofungwa kwa kamba.

Mabaki hakuyatupa. Kipande kilichozidi kiganja kilikuwa kofia. Kirefu chembamba kilikuwa pindo. Kidogo zaidi kilikuwa soli ya soksi, na vile visivyofaa kwa lolote alivisokota ndani ya mto wa mtoto. Alitufundisha kupitisha kiganja juu ya kitambaa, kama unavyopapasa mgongo wa mbuzi, kujua manyoya yanalalia upande gani, kwa sababu ukiunga vipande vinavyolaliana kinyume, blanketi linaonekana kama limechafuka hata likiwa safi.

Alikuwa na desturi nyingine, na sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Mjamzito akileta kazi, mama alipinda pande tatu tu. Upande wa nne aliuacha wazi, nyuzi zikining'inia. Aliona si halali kuimaliza nguo ya mtoto ambaye bado hajalia. Mtoto mwenyewe ndiye aje aimalizishe. Mteja akijifungua, mtu wa kwao alileta shali barazani na mama aliacha kila kitu, akapinda upande uliobaki, akakata uzi kwa meno.

Nakumbuka mwanaume mmoja aliyekuja mbio, anahema, shali ameshika mkononi kama kuku.

"Haya, kijana," mama wa dukani akamwuliza, "mkeo kajifungua nini?"

"Sijui, mama. Nimeambiwa nikimbie na shali."

"Hukuuliza?"

"Wamesema kimbia!"

Watu wa baraza nzima walicheka, na yeye akacheka, halafu akakaa kwenye ngazi akalia. Mama alipinda upande ule haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Mama alipougua nilikuwa kidato cha pili. Alipofariki sikurudi tena shuleni. Hapakuwa na mtu wa kunikataza wala wa kunituma. Mdogo wangu wa kiume alikuwa shule ya msingi na wa kike alikuwa hajaanza. Siku ya kuondoa matanga ndugu waligawana nguo za mama, kama inavyofanywa. Shangazi alichukua kitenge kipya, mjomba alichukua blanketi. Ilipofika zamu ya gunia la mabaki, mtu alilifungua, akatazama ndani, akalifunga. "Takataka za cherehani," akasema, na wakatuachia. Cherehani yenyewe ilibaki kwa sababu mama wa dukani alisimama mbele yake na kusema wanaoitaka waje wampitie yeye kwanza.

Msimu ule wa baridi tulilala watatu kitanda kimoja, chini ya kanga. Basi nilimwaga gunia sakafuni na kuanza kuunga. Kulikuwa na vipande vya bata wa njano, vya mwezi na nyota, vya mistari ya bluu, vya waridi ambavyo mama alikuwa akishonea mapacha wa mtu. Mdogo wangu wa kiume alikuja akasimama juu yangu.

"Mimi silali na bata."

"Utalala na nini?"

"Na mistari."

"Basi lala upande wa mistari."

"Na wewe usinivutie bata usiku."

Yule mdogo wa kike aliomba sindano. Nilimpa kipande kimoja cha njano, kisicho na picha, akakaa nacho siku nzima, ulimi nje, akakipinda kwa mishono iliyokwenda huku na kule. Nilikiweka katikati. Sikukifumua, ingawa kilikuwa kimepinda.

Lakini nilikosea jambo ambalo mama asingelikosea. Flaneli mpya hupungua inapofuliwa mara ya kwanza, na mimi nilichanganya vipande vilivyofuliwa na visivyofuliwa. Tulipolifua, blanketi lilijikunja lote, likawa na matuta. Mdogo wangu wa kiume alilitandika juani, akaliangalia sana, akasema tupande viazi. Tangu hapo tuliliita shamba. "Nani kavuta shamba?" "Shamba lote liko kwako!" "Dada, huyu kakojoa shambani." Tulikua chini yake. Miguu ilipoanza kutokeza, niliongeza safu ya vipande chini, kisha nyingine, mpaka gunia likaisha. Vipande vilivyofuata nilivipata kwenye kazi zangu mwenyewe, kwa sababu kufikia wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikikanyaga cherehani pale barazani.

Nilipinda pande tatu, kama mama.

Mdogo wangu wa kike alisoma mpaka akamaliza, akaolewa Nyabusozi, upande wa Biharamulo. Kijana mkulima, mpole, mama yake mjane. Siku aliyonipigia simu kwamba ana mimba hakusema hivyo. Alisema, "Dada, unishonee," halafu akanyamaza, nikaelewa.

"Nikushonee nini?"

"Blanketi. Kwenye shamba letu kuna vipande bado vizuri?"

Vilikuwepo. Nilileta shamba barazani nikaanza kufumua. Mama wa dukani alitoka na kikombe chake cha kahawa.

"Mwanangu, dukani mna jora zima la flaneli, hata halijafunguliwa. Weye unafumua matambara?"

"Hii haipo dukani, mama."

"Nini haipo? Hebu." Akachukua kipande cha bata, akakigeuza nyuma na mbele. Akakaa nacho kidogo. "Hiki nilimkatia mamako mwenyewe. Akanambia nimemwibia kitambaa upana wa kidole kizima. Tukagombana mpaka adhuhuri." Alikirudisha magotini kwangu, akageukia ndani akaanza kumfokea mteja aliyekuwa hajafanya kosa lolote.

Nilichagua vile ambavyo kiganja kilinambia bado vina manyoya. Vilitosha blanketi moja dogo, na kipande cha njano chenye mishono ya kitoto nilikiweka tena katikati. Vilivyobaki vilikuwa vyembamba kama nyavu. Kwa hiyo kila kitu cha mama kilichokuwa bado kinashikika kilikuwa ndani ya blanketi lile. Sikuwa na picha yake hata moja. Nguo zake ziliishia migongoni mwa watu wengine. Nilipinda pande tatu na kulikunja.

Shemeji alipiga simu asubuhi moja, sauti juu. "Dada, wa kiume! Kalia mpaka majirani wamekuja kuuliza nani anapigwa!"

Kwetu na kwao pia, mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kimedondoka. Siku hiyo ndugu wanakuja, mtoto anaonyeshwa jua, anapewa jina. Tulipanga niende kwa siku hiyo, nipinde upande wa nne mbele ya mdogo wangu, na yeye ndiye akate uzi. Mdogo wetu wa kiume aliomba ruhusa kazini tukaondoka pamoja. Tulikuwa Lusahunga, tunangoja gari lingine, yeye amenunua mahindi ya kuchoma na kunitania kwamba nimembebea mtoto shamba la urithi, simu ilipolia. Alikuwa shemeji. Alisema, "Njooni tu," akakata.

Mdogo wangu wa kiume alishika yale mahindi mpaka tunafika. Hakuyala wala hakuyatupa.

Tuliposhuka kwenye pikipiki tuliona jikoni hakuna moshi na moto umewashwa uani, kama msibani. Hapo hapana haja ya kuambiwa. Homa ilimwanza mtoto jioni, na kabla hakujapambazuka, wakiwa bado wanatafuta pikipiki ya kuwapeleka zahanati, alikuwa amekwenda.

Nilimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama," akaniitikia, "Marahaba, binti yangu," na akanishika mkono bila kuuachia. Yeye anaongea Kisubi, mimi Kihangaza. Lugha hizi zinakaribiana, tunaelewana, na pale tusipoelewana tunaingia kwenye Kiswahili.

Sasa naweza kurudi chumbani.

"Umelileta?" mdogo wangu aliniuliza.

"Nimelileta."

"Basi mtie humo. Humo hatapata baridi."

Nililitoa. Mama mkwe alisogea kwenye mkeka, akalishika, akalipapasa ukingo mzima kwa vidole, polepole, na alipofika upande wa nne vidole vilisimama.

"Binti yangu, hapa hujapinda."

"Nilikuwa nije kupinda leo."

"Kitu kisichokwisha hakiwekwi kaburini kwetu. Mwaka mzima watu wataangaliana nani anafuata." Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama anayeniomba radhi.

"Nitapinda, mama. Nina sindano."

Nilisogea karibu na dirisha, nikatunga uzi, nikaanza. Nilikuwa nimeshaamua. Nimelea watoto wawili tangu nikiwa mtoto, na nimejifunza kwamba jambo gumu linafanywa kwa mikono kwanza, moyo utafuata utakapoweza. Kama mdogo wangu alitaka mwanawe aende na vitambaa vya mama, angekwenda navyo. Nilikunja ukingo mara mbili, nikapiga mshono, nikavuta. Nje nilimsikia mzee wa kanisa akikohoa, na mdogo wetu wa kiume akimwambia jambo kwa sauti ya chini. Mawingu yalikuwa yakijikusanya. Chumba kilikuwa kinaingia giza mchana.

Mdogo wangu alikuwa akiitazama sindano. Alinyoosha mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto, akagusa kile cha njano.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe."

"Mishono mibaya hivi na hukufumua?"

"Sikufumua."

"Na hii mistari?"

"Kaka yako. Alikataa bata."

Alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko siku nyingine. Kisha akagusa bata wenyewe. "Na hii?"

"Hiyo mama alikatiwa siku aliyogombana na mama wa dukani. Ilikuwa iwe kofia."

"Iliingia mikononi mwake?"

"Vyote viliingia mikononi mwake."

Niliendelea kushona. Nilikuwa nimefika katikati ya upande ule aliposema, "Kwa hiyo leo tunamzika na mama."

Nilivuta uzi. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, juu ya sindano.

"Acha, dada."

"Nikiacha atakwenda na nini?"

"Sijui."

"Tumtie sanda?"

"Sanda sitaki. Ni ya baridi. Na hili sitaki liende. Sitaki." Alilirudia neno lile kama mtoto mdogo, na kama mtoto mdogo alinitazama mimi nimtafutie njia. Alizoea hivyo. Penseli ikipotea, dada. Kiatu kikitoboka, dada. Nilimtazama na sikuwa na njia. Sindano ilikuwa imechomekwa nusu, uzi unaning'inia, na sote wawili mikono yetu ilikuwa juu ya kitambaa, hakuna anayeweza kukisukuma mbele wala kukirudisha.

Shemeji alichungulia mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono ina udongo.

"Mama, mzee anauliza."

"Mwambie asubiri."

"Mvua inakuja, mama."

"Na mvua isubiri!"

Akarudi nje.

Jirani alikuwa amesimama akijitikisa taratibu, kama anavyofanya kila mwenye mtoto mgongoni, hata msibani, hata akiwa hajui kwamba anajitikisa. Aliacha kujitikisa. Alifungua fundo la kanga, akamleta mtoto mbele, na kuanza kumfungua shali. Lilikuwa la flaneli, la kijani kilichofifia, pindo limeanza kuchanika kona moja, linanuka maziwa. Mtoto wake alizinduka, akapiga chafya, akakunja uso.

"Chukua," alimwambia mdogo wangu. "Lina joto. Hajalivua tangu jana."

Mama mkwe aliinuka na magoti yake mabovu kama aliyechomwa. "We mwanamke! Una akili? Nguo ya aliye hai?"

Hapa niseme, kwa asiyejua: kule hakuna anayefanya hivyo. Nguo ya mtoto mzima haimgusi mtoto aliyekufa. Hata kuzianika kamba moja watu hawapendi. Nilitaka kumwambia alirudishe mgongoni haraka, na nilitaka pia alitoe, na nilichukia kwamba nilitaka yote mawili.

"Nimesikia, mama," jirani alisema. "Si kwamba sikufundwa."

"Basi mfunike mwanao!"

"Mwanangu ana mgongo wangu. Huyu hana." Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. "Jamani lichukueni kabla halijapoa."

Mdogo wangu alilichukua. Aliliweka shavuni kwake, akafumba macho, na mimi niliyemjua tangu tumboni niliona mabega yake yakishuka.

"Lina joto," aliniambia, kama ananipa habari. "Dada, shika uone."

Nilishika. Lilikuwa na joto kweli.

Tulimfunga pamoja, mimi na yeye. Kona ya juu chini ya kisogo, upande wa kushoto juu ya kifua na kupita chini ya mkono, kisha wa kulia, kisha miguu, kama mama alivyokuwa akiwaonyesha wanawake barazani. Hatukufanya haraka. Juu yake tukaweka sanda, ili yaliyotakiwa yatimie, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeifunga, analia na kumnung'unikia jirani kwa Kisubi, mafundo madogo mazuri. Mdogo wangu alimbusu, akampa shemeji mlangoni.

Jina alipewa pale kaburini. Tulichelewa kidogo, mvua ilitukuta katikati ya wimbo. Nilipogeuka kumtafuta jirani, nilimwona anavuka migomba kwenda kwake, mtoto mgongoni chini ya kanga tupu, anapita chini ya majani ili mgongo usilowe. Mdogo wangu wa kiume alivua koti lake akamkimbilia.

Nilikaa Nyabusozi mpaka siku za msiba zikaisha. Asubuhi nilikuwa naamka kabla ya wote na kusikiliza upande wa nyumba ya jirani. Siku moja mtoto wake alikohoa. Mimi nilikuwa nafagia, mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Sote tuliacha tukatazamana. Akakohoa tena, kisha akaanza kulia kwa hasira, kilio cha mtoto mwenye njaa na afya. Mama mkwe aliendelea kumenya. "Anafaa kuwa mwimbaji yule," alisema.

Hata niliporudi Ngara hofu haikuniacha. Nilipopiga simu niliuliza kwanza habari za mtoto wa jirani, mpaka mdogo wangu akaniambia, "Dada, siku hizi mimi hunisalimii?" Nikamwomba radhi. Akasema, "Hajambo. Ameota meno. Amemwuma mama yake." Halafu nikasikia kuku wa kwao, na tukakaa hivyo tukisikiliza kuku mpaka salio likaisha.

Blanketi liko kwake. Hakuniruhusu nimalize upande ule. Analitandika kitandani upande wa ukutani na sijawahi kumwuliza analitumiaje.

Nilishona shali la jirani wiki ile ile niliyorudi. Flaneli mpya, nzito, nimeifua kwanza, nimepinda pande zote nne kwa mshono wa mara mbili. Nilipokwenda tena Nyabusozi nilimpelekea. Alikuwa anapepeta maharage uani, mtoto anatambaa kwenye maganda. Mdogo wangu alikuja nami, ndoo mkononi, anakwenda kisimani.

"Ni nini hicho?" jirani aliuliza, ingawa aliona.

"Shali lako."

"Shali langu lilikwenda na mtu."

"Basi pokea hili kama zawadi tu."

"Usinidanganye, dada wa Ngara. Hiyo si zawadi, unanilipa." Alitikisa ungo, hakuligusa. "Kilichotolewa msibani hakirudishwi na mwenye machozi. Muulize mama mkwe wenu. Mtanirudishia siku ya furaha. Huyu mdogo wako akijifungua, mtoto akatolewa juani, mniite. Siku hiyo nitalipokea na nitalivaa kichwani nicheze nalo."

Nilimwuliza mama mkwe baadaye, akasema ndivyo ilivyo. Kulipokea sasa ni kuupokea msiba nyumbani kwake.

Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Nilidhani ataondoka. Aliweka ndoo chini.

"Basi wewe utangoja mpaka huyu aoe," alimwambia jirani, akimwonyesha mtoto kwenye maganda.

"Nitangoja."

"Atakuwa na ndevu."

"Atalivaa na ndevu zake. Harusini."

Walicheka wote wawili, na mdogo wangu akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, akabeba ndoo yake akaenda.

Misimu imepita tangu hapo. Yule mtoto sasa anakimbia. Nikifika ananiita mama mkubwa na kunipekua mfuko kutafuta biskuti. Mdogo wangu alipata mimba mara nyingine, ikatoka mapema, na baada ya hapo hajaniambia lolote. Mimi siulizi. Akinipigia na kunyamaza kidogo kabla ya kuongea, nadhani ataniambia nimshonee, kisha anaulizia bei ya uzi.

Mwaka huu nilikwenda tena wakati wa kuvuna maharage. Nilikuwa nimelibeba lile shali, sijui kwa nini. Labda nilidhani angekuwa amechoka kungoja. Jirani alinitazama mikono, akaona mfuko, akatikisa kichwa hata kabla sijasalimu.

"Bado," alisema.

"Bado," nikamwambia.

Siku ya kuondoka alikuja barabarani na mkungu wa ndizi, akaufunga mwenyewe nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mgomba, akaukaza kwa goti. Nikamwambia sasa ananizidishia deni. Akasema ndizi hazihusiani na lile. Nilirudi Ngara na ndizi zake, na shali lake bado ninalo mfukoni.